Siku Tatu Katika Kambi ya Maskauti, Nyeri

Mhariri wa gazeti letu, alipopata habari kwamba mimi na jamaa yangu tuliwafuata maskauti wa shule mpaka Nyeri katika nchi ya Kenya, aliniletea barua fupi kuniomba nieleze tuliyoyaona. Nami nilipata kuwa mwanafunzi hapa, na sasa mwanangu wa pili yuko kidato cha pili katika shule hii hii, basi sikuweza kukataa. Wenzangu wa zamani watanisamehe nikizungumza zaidi mambo ya nyumbani kuliko mambo ya gwaride, maana gwaride ni nani asiyelijua?

Yafaa kwanza msomaji ajue kwa nini tulikwenda. Mwanangu huyu ana ugonjwa wa pumu tangu alipokuwa mtoto mdogo. Vumbi humdhuru, baridi ya usiku humdhuru, na moshi wa kuni ndio adui yake mkubwa. Na kambi ya maskauti ni kitu gani ila vumbi, baridi na moshi? Barua ya mwalimu ilipofika, kwamba kikosi chao kimechaguliwa kwenda Nyeri kwa Siku ya Mwanzilishi, mama yake aliisoma mara mbili akaiweka chini ya sahani. Akanikumbusha habari za kambi kubwa ya maskauti wa dunia iliyofanywa Korea ya Kusini mwezi wa Agosti 2023, ambako vijana zaidi ya 40,000 walipiga mahema juu ya ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini, pasipo miti ya kivuli. Joto likawaangusha wengi, Waingereza na Wamarekani wakaondoka mapema, na mwisho kambi nzima ikahamishwa kwa kuogopa tufani. "Wale wana madaktari na fedha," akasema. "Sisi tuna nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Mwisho tukapatana hivi: mtoto atakwenda, na sisi tutamfuata. Akikohoa usiku, tunarudi naye nyumbani siku ya pili, wala hakuna maneno. Mtoto mwenyewe aliambiwa shauri hili akakubali, ingawa uso wake haukukubali.

Basi Ijumaa alfajiri tukaondoka, mimi, mama watoto, binti yetu mdogo wa miaka saba, na mama yangu mzazi, ambaye hakualikwa na mtu ila alikuwa amekwisha kukaa ndani ya gari. Tukavuka mpaka Malaba, tukapita Eldoret na Nakuru, tukapanda Nyahururu penye baridi, na jioni tukaingia Nyeri. Njia yote mama yangu aliuliza bei ya viazi.

Kambi ilikuwa katika uwanja mpana, na mahema yalikuwa mengi hata binti yangu alichoka kuyahesabu. Maskauti walikuwa maelfu, wake kwa waume, wenye skafu za rangi zote, na wengi wao Wakenya. Wageni tulitengewa mahema yetu pembeni. Hapo akatujia kijana mrefu wa kidato cha tatu, kiongozi wa kikosi cha mwanangu, akatusalimu kwa adabu na kutupa mkono wa kushoto, kama ilivyo desturi ya maskauti duniani kote. Mimi nikaupokea. Mama yangu akautazama ule mkono, akamtazama kijana, kisha akauliza kama mkono wake wa kulia unauma. Kijana akaeleza kwamba kushoto ni upande wa moyo. Mama akajibu kwamba kwetu ni upande wa mambo mengine, na akangoja mpaka akapewa wa kulia.

Nataka kumweleza kijana huyu kidogo. Shingoni alikuwa na kamba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya filimbi. Ya pili ilikuwa na kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, mfano wa kile alichonacho mwanangu mfukoni. Mama watoto akamwuliza amekipata wapi. Akasema, "Ni cha akiba, mama. Alinipa yeye mwenyewe. Mtu akipungukiwa pumzi hana nafasi ya kutafuta mifukoni." Kisha akatuonyesha hema lao. Lilikuwa mbali na majiko yote, upande upepo unakotoka. Alikuwa ameshika majani makavu akayaachia hewani asubuhi na jioni, siku mbili, kabla ya kuchagua mahali. Na katika zamu za kazi mwanangu hakuwekwa jikoni hata mara moja. Alikuwa mwenye maji na bendera. Wenzake walipika ugali na maharagwe, yeye akateka maji ya kikosi kizima, na nadhani kazi yake ndiyo iliyokuwa nzito zaidi.

Hili la vijana kuongozana wao kwa wao si jambo jipya. Katika kambi ya kwanza kabisa, kisiwani Brownsea katika nchi ya Uingereza, mwezi wa Agosti 1907, Baden-Powell aliwagawanya vijana wapata 20 katika vikosi vinne, kila kikosi na mkubwa wake mwenye umri kama wao. Nilipokuwa skauti nilikariri habari hii kwa ajili ya mtihani. Kuiona ikifanya kazi juu ya mwili wa mtoto wangu lilikuwa jambo jingine.

Jumamosi asubuhi tukaenda kaburini pamoja na msafara. Mji wote ulijaa ngoma na vumbi, na mwanangu alifunga skafu yake puani. Baden-Powell alizaliwa tarehe 22 Februari 1857, na mkewe Olave akazaliwa tarehe hiyo hiyo mwaka 1889, ndiyo sababu Siku ya Mwanzilishi ikawa hiyo. Katika uzee wake walihamia Nyeri, wakakaa katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu katika uwanja wa hoteli ya Outspan, na huko alikufa tarehe 8 Januari 1941. Kaburi ni jeupe, limeelekea Mlima Kenya, na juu ya jiwe imechorwa duara yenye nukta katikati. Katika alama za njia za maskauti maana yake ni kwamba mtu amekwisha kwenda nyumbani. Binti yangu aliichora mavumbini kwa kidole mpaka tukamwondoa.

Wako wasemao haifai Waafrika kwenda kumheshimu mtu aliyekuwa askari wa dola, na vita alivyopigana katika nchi ya Wamatabele mwaka 1896 ni jambo la kukumbukwa pia. Mimi siwapingi. Lakini nilipotazama wale vijana waliosimama pale juani, niliona kwamba alichoanzisha kimekwisha kuwa chao, nao wanakitumia kwa mambo yao.

Usiku ukawashwa moto wa kambi, moto mkubwa kama nyumba. Nikamtazama mama watoto. Naye hakutazama moto, alitazama moshi. Vikosi vyote vilikuwa vimezunguka, kila kimoja mahali pake. Kikosi cha mwanangu kilikuwa upande wa juu wa upepo, nyuma kabisa, gizani kidogo, mahali ambapo mchezo hauonekani vizuri. Mwanangu hakuwa peke yake. Walikaa naye wote wanane, wakawa wanarefusha shingo kutazama, na wakaimba kwa nguvu kuliko waliokuwa mbele. Mama yangu akaondoka katika kiti cha wageni akaenda kukaa nao.

Usiku ule baridi ilishuka kweli kweli. Saa nane tukasikia kikohozi. Mzazi hahitaji kuambiwa ni cha nani. Mama watoto alitoka kabla sijapata viatu vyangu, nami nikamfuata na tochi. Tulikuta hema liko wazi. Mwanangu alikuwa ameketi wima, mgongo umeegemea mzigo wa mablanketi, na kiongozi wake amepiga magoti mbele yake, saa mkononi, akimpa dawa mvuto mmoja mmoja, akingoja, akihesabu. Mwenzao mmoja alikuwa amekwisha kwenda kumwita mwuguzi wa kambi. Kijana hakugeuka. Akasema kwa sauti ya chini, "Huu ni wa nne, mama. Kifua kinafunguka. Tafadhali, tumwachie hewa."

Na mke wangu, ambaye sijapata kumwona akiamriwa na mtu, akarudi nyuma hatua mbili.

Mwuguzi akaja, akasikiliza kifua, akasema ameendelea vizuri, akabaki naye nusu saa. Sisi tukakaa nje mpaka mtoto akalala. Hatukusemezana neno. Mapatano yalikuwa mapatano, naye alikuwa amekohoa.

Asubuhi ya Jumapili mtoto alikuja hemani kwetu, begi limefungwa tayari, skafu imekunjwa mkononi. Hakuomba neno. Mama yake akaichukua ile skafu, akaitazama, akasema ni chafu, hawezi kurudi kwa wenzake na skafu kama hiyo. Akaifua katika ndoo, akaitandika juu ya kamba ya hema. Mtoto akasimama akiitazama ikikauka, kisha akalichukua begi lake akalirudisha alikolitoa, mbio.

Sisi tukaondoka saa nne. Mama yangu alinunua viazi Nyahururu, gunia zima.

Maskauti walirudi siku ya Jumanne kwa basi la shule. Mama watoto alipokuwa akitoa nguo katika begi alikikuta kichupa kimoja tu cha dawa. Akauliza cha pili kiko wapi. Mtoto akasema kiko shingoni mwa kiongozi wa kikosi, hakukirudisha, maana likizo ya Agosti wanakwenda kambi ya Kaazi, kando ya ziwa.

"Nani amesema unakwenda?" mama yake akauliza.

Lakini alikuwa amekwisha kuanza kuandika, nyuma ya bahasha, dawa za kununua kabla ya Agosti.