Neno Ulilosikia Si Jibu

Ndugu msomaji, leo nakiri kwako kosa langu, huenda likakufaa wewe mwenye mtoto anayesoma.

Mimi ni karani wa parokia, lakini nilipita chuo cha ualimu. Mwaka jana binti wa kaka yangu, muuguzi, alijitayarisha kwa mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, ambao baraza la wauguzi la Uingereza huukubali. Kaka aliuza ng'ombe apate ada. Nami nikajitolea kumfundisha sehemu ya kusikiliza, jioni, ofisini kwangu.

Nilimwambia, "Mwanangu, soma majibu A, B na C. Neno la kwanza utakalolisikia, litie alama."

Alinitii, akashindwa.

Aliporudi alisema kwa upole, "Baba mdogo, neno la kwanza ndilo lililokuwa mtego." Niliona haya sana.

Basi tukaanza upya kwa mazoezi. Sikia mfano huu. Swali lauliza siku ya safari: Jumatatu, Jumanne au Jumatano? Bwana ataja Jumatatu, kisha akumbuka kuwa ana kazi. Ataja Jumanne, mwenzake asema, "Afadhali siku inayofuata." Wakapatana. Jibu ni Jumatano, nalo neno hilo halikutamkwa kabisa! Anayekamata maneno hukosa. Anayefuata maana hupata.

Kwa hiyo nilimfundisha hivi. Kwanza, kabla sauti haijaanza, soma swali, kisha jiulize kila jibu laweza kusemwa kwa maneno gani mengine. Pili, ngoja mpaka wamalize shauri lao, maana "lakini" moja hugeuza yote. Tatu, maswali hufuata mpango wa mazungumzo. Likikupita moja, liache, shika linalofuata, kwa kuwa sauti husikika mara moja tu, na maswali ni 40 kwa muda wa dakika 30 hivi. Nne, usiache nafasi tupu. Jibu baya halipunguzi alama ulizopata.

Ada ya mara ya pili nililipa mimi, maana kosa lilikuwa langu. Safari hii sehemu ile alifaulu.

Basi, msomaji, mtoto akikujia na mtihani wa namna hii, usimharakishe kama nilivyofanya mimi. Mfundishe kungoja mwisho wa usemi. Na sisi wakubwa, tukiambiwa kwamba tumefundisha vibaya, tusikasirike. Tukae naye tuanze upya.