Kituo Kisichohitaji Miwani

Ndugu msomaji, mama yangu mkubwa anaishi Kinondoni, na jamaa wengi wa marehemu mumewe wako Mbagala, wilayani Temeke. Kati ya nyumba hizo kuna jiji zima la Dar es Salaam. Asubuhi moja alitoka kwenda msibani kwa wifi yake. Kituoni alikuta magari mawili yanayofanana, kila moja na maandishi yake mbele. Macho yake hayasomi tena maandishi ya mbali, akapanda lililomkaribia. Alipotanabahi alikuwa upande mwingine wa jiji. Alipowasili Mbagala, jeneza lilikuwa limekwisha kutoka nyumbani. Mpaka leo hujutia kwamba hakumuaga wifi yake.

Simlaumu dereva wala kondakta. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kituo cha abiria kimpe nini mtu anayengoja?

Miji mikubwa duniani imelijibu swali hilo kwa namna mbalimbali. London ndiyo iliyotangulia kuwapitisha abiria kwa reli chini ya ardhi, tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon. Mabehewa yalivutwa na injini za mvuke, na abiria wakavumilia moshi ili wafike upesi. Budapest, mji mkuu wa Hungaria, ulifuata mwaka 1896. Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri mkubwa wanaikumbuka nchi hiyo kwa jambo jingine: ndiko yalikotoka mabasi marefu ya Ikarus ya UDA, maarufu kwa jina la kumbakumba.

Moscow ulipofungua reli yake mwaka 1935, ulimjibu abiria kwa fahari. Mfanyakazi wa kawaida alishuka ngazi akakuta nguzo za marumaru na taa za vioo zinazoning'inia, mambo ambayo zamani yalikuwa ya majumba ya wafalme. Cairo, mji wa kwanza barani Afrika kuwa na reli ya namna hiyo, mwaka 1987, unatenga mabehewa ya wanawake ili wasafiri bila bughudha.

Lakini jibu linalonigusa zaidi ni la Jiji la Mexico. Reli yake ilianza kazi Septemba 1969, wakati ambapo wakazi wengi hawakujua kusoma. Basi kila kituo kilipewa, pamoja na jina, picha yake. Kituo cha Chapultepec, jina ambalo katika lugha ya wenyeji wa kale lina maana ya kilima cha panzi, kina picha ya panzi. Asiyejua herufi hata moja aliweza kuambiwa, "Shuka kwenye panzi," naye akafika.

Dar es Salaam haina reli ya chini ya ardhi. Tulichojenga ni njia za mabasi yaendayo haraka, ambayo wananchi wenyewe wameyaita mwendokasi. Awamu ya kwanza, ya kilometa 21 hivi, ilianza kutumika mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Awamu ya pili ikaelekezwa Mbagala kwa barabara ya Kilwa. Sakafu za vituo zilinyanyuliwa zilingane na mlango wa basi, ili mwenye kigari cha walemavu au mama mwenye mtoto mgongoni aingie bila kupanda ngazi. Hilo ni jibu la heshima.

Hata hivyo, ndugu msomaji, yasikilize majina ya vituo vyetu vya mwendokasi na vya daladala: Mkwajuni, Mwembechai, Mapipa, Bendera Tatu, Rangi Tatu. Je, hayo si picha tayari? Mexico walilazimika kuwatafuta wachoraji wa kubuni alama. Sisi wazee wetu wamekwisha kutuchorea kwa maneno. Kilichobaki ni rangi na brashi. Ukwaju mmoja, mwembe na kikombe cha chai, mapipa yaliyopangwa, bendera tatu zinazopepea. Picha hiyo ikiwekwa kituoni, ndani ya basi na kwenye paji la basi liendalo huko, nani atapotea?

Wala jambo hili si geni kwetu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea ubunge walitambulishwa kwa alama za jembe na nyumba, na raia asiyejua kusoma akapiga kura yake bila kubahatisha. Daladala nazo zilipakwa mistari ya rangi, kila njia na rangi zake, na watu wakajifunza kulitambua gari lao kutoka mbali.

Atatokea wa kusema kwamba siku hizi watu wamesoma. Ni kweli, na tunajivunia. Lakini aliyesoma huzeeka, na macho yake huzeeka pamoja naye. Mtoto wa darasa la kwanza husafiri. Mgeni aliyefika jana kutoka kijijini huona majina mia kwa siku moja, asikumbuke hata moja. Hata msomi, mvua ikinyesha na watu wakisukumana mlangoni, huwa na nukta chache tu za kuamua. Picha hutambulika kabla herufi hazijasomwa.

Marumaru ya Moscow ina gharama kubwa. Ndoo ya rangi haina. Kituo chema ni kile ambacho mnyonge kuliko wote hukitegemea akafika aendako, kwa wakati. Nilipomsimulia mama mkubwa habari za panzi wa Mexico, alicheka kwanza. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Bendera tatu ningeziona, mwanangu. Hizo ningeziona hata kwa macho haya."