Sighnaghi: Mji wa Waini Ambako Ofisi ya Ndoa Hailali

Mashariki mwa Georgia (nchi, siyo lile jimbo la Marekani) kuna mji mdogo wa mlimani unaoitwa Sighnaghi, na ofisi yake ya ndoa iko wazi saa 24. Mkiamua saa nane za usiku kwamba uchumba umetosha, mnagonga mlango mnaoana. Ndiyo maana wanauita mji wa mapenzi. Mimi na mume wangu hatua hiyo tulishaivuka, tuna mtoto na mkopo, kwa hiyo tulipita pale mlangoni tukacheka, tukaendelea kutafuta kilichotupeleka: waini.

Kutoka mji mkuu, Tbilisi, ni kilomita 110 hivi, mwendo wa kama saa mbili. Mji wenyewe umezungukwa na ukuta wenye minara 23, kazi ya Mfalme Erekle wa Pili katika karne ya 18. Panda juu ya ukuta huo asubuhi na mapema. Chini yako kuna bonde la Alazani, mizabibu mpaka macho yanachoka, na ng'ambo ya bonde milima ya Kaukazi imesimama na theluji yake. Nakwambia, hata wale mnaogombana njiani kuhusu ramani mtanyamaza.

Mkoa huu unaitwa Kakheti, na waini ndiyo maisha yake. Wageorgia wanasema wameitengeneza kwa miaka 8,000, na hizo siyo sifa za biashara tu: mwaka 2017 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vigae vilivyochimbwa kusini mwa Tbilisi, wakakuta mabaki ya waini ya karibu mwaka 6000 kabla ya Kristo. Siri yao ni qvevri, mtungi wa udongo ambao mwingine mtu mzima anaingia na kusimama ndani. Unafukiwa ardhini, unabaki mdomo tu. Ndani wanaupaka nta ya nyuki. Zabibu nyeupe zinakamuliwa, kisha maji yake yanamiminwa humo pamoja na maganda, mbegu na mara nyingi hata vikonyo, mtungi unafunikwa na kuachwa miezi mitano, sita. Ardhi ndiyo friji. Kinachotoka kina rangi ya chai ya rangi na ukakasi kidogo, na glasi ya kwanza utajiuliza kama hawajakosea. Ya pili utaomba mwenyewe. UNESCO iliuweka utaalamu huu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Nyekundu yao ni Saperavi, zabibu ambayo hata nyama yake ni nyekundu; inaacha ulimi kama umekula zambarau.

Sisi tuliozoea habari za Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, tulishangaa kusikia kwamba wao wanavuna mara moja tu, Septemba hadi Oktoba. Basi msimu huo ni kama sikukuu, ndugu wanarudi kutoka mjini kuja kuvuna.

Makanisa nayo hayakwepeki. Kilomita mbili tu kutoka Sighnaghi kuna monasteri ya masista ya Bodbe, alikozikwa Mtakatifu Nino, mwanamke aliyeleta Ukristo Georgia katika karne ya 4. Inasimuliwa kwamba msalaba wake ulikuwa vijiti viwili vya mzabibu vilivyofungwa kwa nywele zake mwenyewe, na mpaka leo msalaba wa Kigeorgia mikono yake imeinama kidogo. Mbele zaidi bondeni kuna Alaverdi, kanisa kuu la karne ya 11 lenye urefu wa zaidi ya mita 50. Lipo peke yake kati ya mashamba, milima nyuma yake, na watawa wake bado wanatengeneza waini. Akina dada, bebeni khanga pea moja: moja kichwani, moja kiunoni. Wenzangu wa Kizungu walikuwa wanapanga foleni kuazima vitambaa mlangoni. Mimi nilipita kama mwenyeji.

Lakini kama una jioni moja tu Kakheti, usiimalizie kwenye kuonja waini za dukani. Tafuta gesti ya familia ukae nao mezani. Karamu yao inaitwa supra, na ina tamada, yaani MC, ila huyu hatangazi zawadi. Kazi yake ni kusema jambo kabla ya kila glasi: la amani, la wazazi, la watoto, la wanawake. Bila neno, hakuna kunywa. Anaweza pia kukupa nafasi nawe useme.

Mezani kwetu ilifika glasi ya marehemu. Mwenye nyumba alidondosha matone ya waini kwenye kipande cha mkate, kama wazee wetu wanavyomwaga kidogo chini, akamgeukia mume wangu. Mama yake alifariki mwaka juzi, na tangu arobaini ipite sikuwahi kumsikia akimtaja. Nikiuliza, anabadilisha mada. Usiku ule alisimama akaongea Kiswahili. Alisema jinsi mama alivyompeleka shule ya bweni kwa basi la usiku, akamkabidhi sanduku getini, akageuza na basi lile lile kwa sababu hela ya gesti hakuwa nayo. Nimeolewa naye miaka saba, sikuwa naijua hadithi hiyo. Mezani hakuna mwingine aliyeelewa neno hata moja, lakini hakuna aliyegusa glasi mpaka alipokaa. Tuliongea chumbani hadi saa tisa.

Mkienda, nendeni mwisho wa Septemba, na chumba mwekeshe mapema kwa sababu ya mavuno. Kodini gari na dereva, maana nyinyi wote wawili mtakunywa. Wakati wa kurudi Tbilisi mwambieni apite barabara ya mlima ya Gombori. Ina kona kali, misitu ya kutosha na baridi ya ghafla, kwa hiyo sweta lisiwe kwenye buti.