Diski ya Mjomba

Wasomaji wenzangu, katika likizo iliyopita nilifanya kosa kubwa, na nilipokuwa nikilifanya nilijiona hodari. Nalieleza hapa bila kuficha, ili mwenzangu atakayekutwa na jambo kama hili asije akajuta kama nilivyojuta mimi.

Kwetu ni Kanazi, Bukoba. Mjomba wangu ana gari dogo la kuchukulia ndizi. Siku moja alitia redio mpya garini, yenye tundu la USB, akaniita. "Mpwa wangu," alisema, "wewe unasoma kompyuta shuleni. Nyimbo zangu zote zimo humu. Jumamosi tunakwenda Muleba harusini, nataka tusikilize njiani." Akanipa diski ya kubebeka, ile ambayo watu huiita eksteno.

Ndani yake mlikuwa na nyimbo za dansi, na za Saida Karoli wetu wa Bukoba. Lakini zilizopendwa kuliko zote zilikuwa nyimbo saba za marehemu babu akipiga nanga. Nanga ni ala ya nyuzi ya Wahaya, na mpigaji huimba huku akisimulia habari za mashujaa wa kale. Babu alikuwa amerekodiwa kwenye kaseti, kisha mjomba akazihamishia nyimbo zile katika diski. Kaseti yenyewe iliota ukungu, ikatupwa.

Nilichomeka waya. Redio ikaandika kwamba haioni kitu. Diski ikalia tik, tik, tik, kisha ikanyamaza. Mimi sikutaka kusema "sijui" mbele ya mjomba. Nilikumbuka kwamba redio nyingi za magari husoma diski iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, na hii ilipangwa kwa mtindo wa NTFS. Jambo hilo ni la kweli. Lakini sikujiuliza mlio ule wa tik, tik ulitoka wapi.

Nilikwenda kwa jirani mwenye kompyuta. Nilinakili folda iliyoandikwa "Muziki", nikadhani nimemaliza. Kompyuta ikaniuliza kama nakubali vyote vilivyomo vifutwe. Nikakubali upesi, kama mtu anayejibu hodi. Diski ilipopangwa upya nilirudisha folda ile, na kwa kujionyesha nikaongeza nyimbo nyingine nyingi za jirani hata diski ikakaribia kujaa.

Niliporudi garini, redio haikusoma. Tik, tik, tik, basi. Mjomba akasema kwa upole, "Si kitu. Nitolee zile za babu tu, uniwekee katika simu." Nikatafuta folda moja baada ya nyingine. Kumbe nyimbo za babu hazikuwa katika "Muziki". Zilikuwa katika folda ya "Nyumbani", pamoja na picha za ukoo. Zote zilikuwa zimekwisha potea. Mjomba hakunigombeza. Aliichukua diski, akaifuta vumbi kwa shati lake, akaingia ndani. Afadhali angenipiga.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu. Alinieleza mambo mawili. La kwanza, diski ya namna ile ina mota inayozungusha sahani ndani yake, na mota hutaka umeme mwingi inapoanza. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampea 500, nayo mara nyingi haitoshi. Mlio ule ulikuwa diski ikijaribu kuzunguka na kushindwa. Kwa hiyo nilifuta mali ya ukoo kwa kutibu ugonjwa usiokuwapo! Tena sahani inayozunguka haipendi mitikisiko ya barabara. Flashi haina kitu kinachozunguka, nayo ndiyo ifaayo garini. Wimbo wa MP3 wa dakika nne, kwa kipimo cha kilobiti 128, ni kama MB 4, basi flashi ya GB 16 huchukua nyimbo zipatazo 4,000. Nani ana safari ya kuzimaliza?

La pili liliniumiza zaidi. Diski ikipangwa upya kwa njia ya haraka, mara nyingi yaliyomo hayajafutika hasa. Ni orodha yake tu iliyofutwa. Kama ningeacha pale pale, fundi angeweza kuziokoa. Zile nyimbo nilizoongeza kwa kujionyesha ndizo zilizokalia mahali pa babu.

Mwalimu akaniambia pia kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wahaya, na hata leo zipo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, huko Afrika Kusini. Zimedumu kwa sababu zilinakiliwa na kutunzwa. Babu yangu alikuwa na nakala moja tu, nami nikaipata mkononi.

Lakini nisiwaache na huzuni tupu. Kule Muleba, siku ya harusi, shangazi alisikia habari yangu, akaleta flashi kuukuu iliyofungwa katika kitambaa. Ilikuwa na wimbo mmoja wa babu, ambao mjomba alimpa zamani. Tulipoichomeka garini, redio ikaisoma mara moja. Tulirudi Kanazi usiku, babu akiimba, na hakuna aliyesema neno. Wimbo ulipokwisha, mjomba aliuanzisha tena.

Sasa wimbo huo umo katika simu tatu, flashi mbili na kompyuta ya jirani. Wenzangu, kabla ya kukubali chochote kifutwe, nakilini kwanza na mkahakikishe. Na asiyejua aseme hajui. Neno hilo lingeniokolea nyimbo sita.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu