Kikomo Gani Hiki Kinachohama?

Wasee, leo tuongee kuhusu maneno mawili: kubana matumizi. Tumeyaskia hadi yamezoeleka kama kelele za matatu.

Machi 2014 Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba yeye na naibu wake watakatwa mshahara kwa asilimia 20. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi. Miaka kumi baadaye, Julai 5, 2024, Rais Ruto naye akasoma orodha yake: mashirika 47 ya serikali yavunjwe, washauri wapunguzwe kwa nusu, magari mapya yasinunuliwe kwa miezi 12, safari zisizo za lazima zisimame. Hiyo orodha haikuja bure. Siku chache kabla, vijana wa rika letu walikufa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha.

Halafu? Mwaka huohuo Moses Kuria, aliyetoka tu kuwa waziri, akateuliwa mshauri wa uchumi. Mei 2025 Makau Mutua naye akaitwa kuwa mshauri. Sina ugomvi na hao wawili. Nauliza tu: kama unapunguza watu nusu, mbona mlango wa kuingilia bado uko wazi?

Lakini washauri ni chenji. Cheki deni. Mwaka wa 2019 Bunge liliweka kikomo cha trilioni 9. Juni 2022 kikasongezwa hadi trilioni 10. Mwaka wa 2023 deni likapita hapo, na badala ya kusimama, wakabadilisha sheria. Sasa kikomo si shilingi tena, ni asilimia 55 ya uchumi.

Mtaani kwetu mwenye duka ana daftari la deni. Mamangu akifika elfu mbili, hapewi hata pakiti ya maziwa mpaka alipe. Hawezi kuchukua kalamu ajiandikie elfu tano. Karo yangu ilipokosekana nikiwa mwaka wa pili, niliacha chuo nikarudi nyumbani. Hakuna mtu alinisongezea kikomo. Mimi sijui maisha ambayo mwenye deni ndiye anashika daftari.

Na hapa ndipo tunachezwa. Sisi huangalia bajeti ya Juni, ile ya mkoba na picha nyingi. Ahadi zenyewe hufia kwa bajeti ya nyongeza, miezi baadaye, wakati hakuna anayeangalia. Kipengele cha 223 cha Katiba kinaruhusu serikali itumie kwanza, hadi asilimia 10 juu ya kilichopitishwa, halafu iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili. Kiliwekwa kwa sababu pesa zinaweza kupungua ama haja mpya ikatokea. Lakini pesa ikishatumika, mbunge atakataa nini?

Kwa hivyo hotuba ikisomwa tena, usipige makofi wala usitukane. Ngoja. Hotuba haikati hata shilingi moja, kinachokata ni mstari kwenye bajeti. Bajeti ya nyongeza ikitoka, fungua, tafuta safari, tafuta magari, tafuta chai na mandazi ya maofisini. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila baada ya miezi mitatu, na kuisoma ni bure.

Daftari ni letu, buda. Tulisome.