Filamu Iliyonifunga Mdomo

Kazi yangu ilikuwa kuongea. Kwenye mabanda ya video ya Gongo la Mboto, enzi za dividii, mtafsiri filamu alilipwa ili mteja asikae kimya kimya na picha. Mchina akirusha teke, wewe umeshapiga yowe. Stelingi akinyamaza, unamtungia mawazo. Mwanamke akichungulia dirishani, unamwambia mteja anamchungulia nani na wanadaiana nini. Sote tulioingia kwenye kazi ile baada ya Lufufu, mtafsiri aliyetutangulia, tuliamini kwamba picha inaweza kulala, lakini masimulizi hayaruhusiwi kulala.

Filamu za kaboi nilizipenda kwa sababu hazikunitesa. Django, ile ya mwaka 1966, jamaa anaburuta jeneza, na ndani ya jeneza kuna bunduki ya rashasha. Watu wanakufa kwa mafungu. Hapo hata ukiwa na mafua unatafsiri.

Kisha mwenye banda akaleta Open Range. Ni filamu ya mwaka 2003, Kevin Costner ameiongoza mwenyewe na kuicheza pamoja na Robert Duvall. Kisa kimewekwa Montana, Marekani, mwaka 1882: wanaume wanne wanaswaga ng'ombe kwenye mbuga zisizo na uzio, tajiri wa mji wa karibu hawataki, mwenzao mmoja anauawa na mwingine anajeruhiwa, na mwisho bunduki zinaongea. Ukiisimulia hivyo inasikika kama kaboi la kawaida. Lakini ina dakika 139, na pambano kubwa linakaa mbali kabisa, karibu na mwisho. Kabla ya hapo ni mvua, farasi, karata chini ya turubai, wanaume watu wazima wanaozungumza sentensi moja na kuacha inayofuata kwa ajili ya kesho.

Niliiangalia nyumbani kujiandaa nikaona nimepewa mtihani. Nikaandika utani wa kujazia kila mahali palipopwaya. Jioni banda likajaa, nikashika maiki.

Benchi la mbele walikaa vijana, na maoni yao hayakuchelewa. "Songesha mbele!" "Huu mkanda wa harusi?" "Stelingi babu hivi, atapigana saa ngapi?" Nikaongeza kasi. Nikawapa Boss na Charley, wale wakubwa wawili, matusi ambayo Hollywood haikuwaandikia. Vijana wakacheka kidogo, wakarudi kulalamika.

Benchi la nyuma walikuwepo wafanyabiashara wa mifugo kutoka mnada wa Pugu, ambao kwa kawaida walikuja kupumzisha miguu tu. Mmoja wao, mzee mwenye koti la mvua na fimbo, akasema bila kupaza sauti, "Kijana, hebu nyamaza kidogo. Tunaangalia ng'ombe."

Nikanyamaza, na wala si kwa hekima. Mzee kama yule akikwambia nyamaza, unanyamaza.

Kwa mara ya kwanza tangu nishike maiki nikaangalia filamu mbele za watu bila kuisemea. Nyasi zilikuwa pana kuliko skrini yetu ya inchi ishirini na moja (sehemu kubwa wameipigia Alberta, Kanada, maana huko bado kuna mbuga za kuonyesha bila nguzo za umeme). Mzee akawa anamnong'oneza mwenzake: unaona, farasi wako pembeni ya kundi, hawako mgongoni, hawa ng'ombe wanasogezwa, hawafukuzwi. "Ukimfukuza njiani, mnadani unauza mifupa." Halafu akaniuliza mimi, kana kwamba mtafsiri lazima ajue: "Sasa hizo nyasi ni za nani?"

Sikuwa na jibu, na swali likanisumbua kuliko kelele za vijana. Nilikuja kulisoma baadaye. Eneo kubwa la mbuga zile lilikuwa ardhi ya serikali, na mwenye mifugo aliweza kulisha humo bila kulipa. Wenyeji wa asili walikuwa wameshasukumwa kwenye maeneo waliyotengewa, jambo ambalo filamu hii inalipita kama halipo, na hilo ni pengo lake. Mwaka 1874 Joseph Glidden akapata hataza ya seng'enge yake, na kuanzia hapo kuzungushia ardhi kukawa rahisi. Baridi kali ya mwaka 1886 kuingia 1887 ikaua ng'ombe wengi mno, Montana ikiwemo, na ufugaji ule wa kuhama haukusimama tena vizuri. Kwa hiyo Boss na Charley wanachunga kwenye miaka ya mwisho mwisho. Baxter, yule tajiri, ni katili kweli, lakini hata wangemshinda asubuhi na mapema, uzio ulikuwa unakuja. Ukilijua hilo, ule mwendo wa polepole unakuwa na sababu. Watu wale wanaishi maisha yanayokwenda kwa hatua ya ng'ombe, na mwongozaji amekataa kuyaendesha kwa mwendo wa gari.

Kuna sehemu nilikuwa nimeiandikia utani mrefu. Charley amekaribishwa kwa Sue, dada wa daktari. Buti zimeingiza tope kwenye zulia. Anainama, kaboi mzima aliyewahi kuua watu vitani, anaokota vipande vya tope kimoja kimoja. Chai inapokuja, kikombe ni kidogo na kidole hakipiti kwenye kishikio chake. Maneno yangu yalikuwa tayari: "Charley anajisemea moyoni, leo nimepatikana." Sikuyasema. Benchi la mbele lilicheka lenyewe, bila msaada wangu, na likacheka mahali pazuri zaidi kuliko nilipopanga.

Na kabla ya pambano wale wawili wanaingia dukani. Wanajua huenda hawatamaliza siku wakiwa hai. Boss ananunua chokoleti ya Uswisi na sigara nzuri. Muuza duka anakiri kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuionja ile chokoleti, bei haimruhusu, na Boss anampa kipande. Filamu ya haraka ingeikata sehemu hiyo kwanza, na mimi naiona ndiyo iliyobeba mzigo. Baada ya hapo Charley anamwendea muuaji aliyekodiwa na Baxter, anamuuliza kama ndiye aliyemuua rafiki yao, jamaa anakubali, Charley anampiga risasi ya paji la uso palepale. Hakuna kutazamana macho, hakuna muziki wa kusubiri. Mlio ulipasua spika yetu. Vijana waliokuwa wanadai isongeshwe walishikana mabega.

Baada ya usiku ule nilibadili kazi yangu, ingawa sikuiacha. Nikaanza kuacha mapengo. Wateja wengine waliniambia nimekuwa mvivu, na mwenye banda akanikumbusha kwamba ananilipa kwa sauti. Wengine walianza kuuliza nitatafsiri mimi au yule mwingine, na wakisikia ni mimi wanaingia. Hesabu haikunipendelea sana, nakiri. Wapenda kelele ni wengi na wana haki yao, wamelipa. Lakini mimi mwenyewe sikuweza kurudi kujaza kila mahali, hasa mahali ambapo mwigizaji kama Duvall amesimama tu akivuta pumzi.

Siku hizi naangalia kwenye simu kama kila mtu, na mpwa wangu anaangalia kwa kasi maradufu. Nilimwekea Open Range. Maoni yake: "Mjomba, saa ya kwanza ungeikata nusu, na baada ya risasi ungeifuta yote."

La kwanza tulibishana mpaka chai ikapoa. La pili sikuwa na la kumjibu. Adui ameshakufa, majeruhi wameshafungwa bendeji, na Charley bado anaaga, anarudi, anaelezea mapenzi yake, anaaga tena. Pale hata mzee wa Pugu alikuwa ameshachukua fimbo yake, akauliza mlangoni, "Bado tu hajamwoa?"