Ukuta Wangu, Maji ya Jirani

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa, nikajenga na ukuta. Na bado nilikosea. Nalieleza kosa hilo hapa kwa sababu naamini si la nyumba yangu peke yake.

Kiwanja changu, hapa jijini Dar es Salaam, nilikinunua mwezi wa Septemba, wakati ardhi ilikuwa kavu na mkondo ulio nyuma yake ulikuwa njia ya watoto waendao shule. Kiangazi ni dalali hodari: huficha kila kasoro ya ardhi. Masika ya kwanza yaliniumbua. Maji yaliingia kwa njia mbili, juu na chini.

Ya juu yalikuwa mepesi kutibu. Fundi alipanda paani akakuta misumari imepigwa katika mabonde ya bati, mahali maji yapitapo, badala ya migongoni. Akaing'oa, akaziba matundu, akapiga mingine yenye mipira. Akazoa majani yaliyoziba mfereji wa paa, ambao ulikuwa ukimwaga maji ukutani hadi lipu ikavimba na kubanduka. Nilipotaka kupaka rangi upesi alinikataza: ukuta ukauke kwanza, kwani rangi huficha ugonjwa, haiutibu.

Ya chini niliyakabili kwa fedha. Nilimwaga malori ya kifusi, nikainua ua, nikauzungushia ukuta wa mawe. Masika yaliyofuata yalinikuta nimelala usingizi mzito. Asubuhi sakafu ilikuwa kavu, nami nikajipongeza.

Kisha mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yangu, mama mjane aliyeishi pale miaka mingi kabla yangu. Khanga yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akasema pasipo ukali, "Mwalimu, maji yako yamelala kwangu."

Nilimfuata. Magodoro yalikuwa yakielea, unga umekuwa uji, madaftari ya wajukuu yamegandana. Tangu zamani maji ya mtaa wetu yalipita kati ya viwanja vyetu viwili. Sikuwa nimeyazuia; nilikuwa nimeyahamishia chumbani kwake. Na wiki hiyohiyo nilikuwa nimesimama darasani nikifundisha wajibu wa raia.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo, kila mvua kubwa inaponyesha, tunauliza kwa nini watu hujenga mabondeni. Swali ni halali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za kingo za mito. Lakini ni nusu ya swali. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu hadi Bahari ya Hindi, na njiani hupokea maji ya kila paa na kila ua uliosakafiwa. Udongo uliokuwa ukiyanywa tumeufunika kwa zege. Anayezama bondeni huzama pia katika maji ya sisi tuliojiinua.

Nilimlipa mama yule magodoro; madaftari sikuweza kuyarudisha. Nikabomoa ukuta wa upande wake nikaurudisha ndani mita moja. Tukaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nyumba kumi na moja zikachanga, tukachimba mtaro na kuujengea kwa mawe hadi mkondoni. Kila Februari, kabla ya masika, tunatoka na majembe kuzoa mchanga na chupa za plastiki. Wapo wanaochelewa makusudi. Mama yule huwahi kuliko wote.

Sitasema tumeyashinda mafuriko. Mtaro wetu hupita chini ya barabara, katika kalavati lililojaa taka, na kila ofisi tunayoiendea hutuambia kwamba kalavati hilo ni la ofisi nyingine. Barua yetu ya tatu imekwisha pelekwa. Masika yakija kabla ya jibu, maji hayatauliza ni la nani.